Majivu ya Makaa ya Mawe ni Mali, Lakini Siyo ya Kutia Kwenye Maharage

(Mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Sumbawanga)



Hapa mbele yenu nimeweka madebe mawili. Yote mawili yana majivu. Debe la kwanza nimelijaza kutoka jiko la kuni la nyumbani kwangu. La pili limetoka katika jiko la shule moja ambayo siku hizi inapikia makaa ya mawe. Nimeyapitisha katika safu zenu, mmeyatazama, na nilipouliza yana tofauti gani wengi mmesema hakuna, ila haya ya pili yana wekundu kidogo na chenga nyeusi. Mama mmoja hapo nyuma amejibu, "Mwalimu, majivu ni majivu tu."

Jibu hilo la mama ndilo somo letu la leo. Kwa karne na karne lilikuwa jibu sahihi hapa Ufipa, maana tulikuwa na majivu ya aina moja. Sasa tuna aina mbili.

Mnajua wenyewe hali ya kuni. Nyanda zetu hizi za juu ni nchi ya majani zaidi kuliko ya miti, na mwanamke wa hapa anajua umbali wa kuni kwa miguu yake. Halafu ukaja mwaka 2024, likaanza kutumika agizo la Serikali kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Shule, magereza, vyuo, wote wakaanza kutafuta njia nyingine. Wengine wamechukua gesi. Wengine wamechukua mkaa mbadala wa makaa ya mawe, kama ule wa Shirika la Madini la Taifa, yaani STAMICO, unaoitwa Rafiki Briquettes, ambao makaa yake yanatoka Kiwira, kusini mwa Mbeya. Na tusisahau kwamba makaa ya mawe yapo hapa hapa mkoani kwetu Rukwa, kule Namwele na Mkomolo, na mengine Muze bondeni. Kwa hiyo majivu haya ya debe la pili yataongezeka, tupende tusipende.

Sasa tuanze na mti. Mti unapoota hunywa maji ya ardhini, na ndani ya maji hayo huchukua chumvi za udongo unazozihitaji: potasi, chokaa, na nyingine kidogo kidogo. Ukiuchoma, moto unakula kile kinachowaka na kuacha zile chumvi. Majivu ya kuni basi ni chakula cha mti kilichobaki. Ndiyo maana ukiyachuja kwa maji unapata magadi. Ndiyo maana maji yake yanateleza mkononi na yanatoa mafuta kwenye sufuria. Ukiyatia kidogo shambani yanapunguza uchachu wa udongo, na udongo wetu mwingi huku juu ni mchachu.

Makaa ya mawe nayo yalikuwa mimea. Lakini mimea hiyo ilianguka katika mabwawa zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, ikafunikwa na tope na mchanga, ikagandamizwa mpaka ikawa jiwe. Lile tope halikuondoka. Limo humo humo ndani ya jiwe. Ukichoma, mmea unawaka na tope linabaki. Kwa lugha nyepesi, majivu ya makaa ya mawe ni udongo ulioungua. Sehemu yake kubwa ni silika, ambayo ndiyo mchanga, pamoja na alumina ambayo imo katika mfinyanzi, na kutu ya chuma inayoleta ule wekundu mliouona. Potasi ya kufanya magadi karibu hakuna. Na pamoja na hayo mna vitu vichache sana kwa kipimo lakini vibaya kwa mwili: aseniki, risasi, kromi na vinginevyo vilivyokuwa katika miamba.

Tofauti nyingine ni wingi. Kilo 100 za kuni kwa kawaida haziachi zaidi ya kilo 1 au 2 za majivu. Kilo 100 za makaa ya mawe huacha kilo 10, na yako makaa yanayoacha hata kilo 40. Hebu tufanye hesabu, wale wenye daftari andikeni. Tuchukue mfano wa shule inayochoma kilo 50 kwa siku, na katika kila kilo 100 zibaki kilo 20 za majivu. Kwa siku moja ni kilo 10. Mwaka wa shule una siku 194. Zidisha: kilo 1,940. Karibu tani 2 za majivu, nyuma ya jiko moja, kwa mwaka mmoja! Mahali pa kuyaweka panatakiwa.

Na ninajua yanakokwenda, kwa sababu nimetembea. Yanamwagwa kwenye bustani ya mchicha. Mama wa jirani anakuja na ndoo yake kuomba kidogo ya kuhifadhia maharage yasiliwe na wadudu, maana ndivyo mama yake alivyomfundisha, na alimfundisha vizuri. Mwingine anayachuja apate magadi ya kulainishia mlenda, anashangaa magadi hayatoki. Watoto wanachezea, kuku wanaoga humo. Hakuna mwenye nia mbaya. Jina tu ni lile lile, majivu, na jina ndilo lililotuponza.

Kwa hiyo nasema wazi, na mwandike. Majivu ya kuni endeleeni kuyatumia kama mlivyorithi: kwenye maharage ya akiba, kwenye magadi, kwenye sufuria, kwenye bustani kwa kiasi, na kwenye choo cha shimo. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 wakikaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kusoma vitabu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Majivu ya kuni yalikuwa rafiki wa vyoo vile, na bado ni rafiki. Lakini majivu ya makaa ya mawe yasiguse kitu kinachoingia mdomoni. Yasiende kwenye chakula cha akiba, kwenye magadi, kwenye vyombo, wala kwenye mboga. Yasirundikwe karibu na kisima au kijito, kwa kuwa mvua ikinyesha juu yake maji hushuka na zile sumu kidogo kidogo.

Sisemi kwamba aliyekwisha kula maharage hayo atakufa kesho. Mtu asitoke hapa akaenda kutangaza hivyo. Sumu za namna hii hazina haraka. Hukaa mwilini na kujilimbikiza, na mtoto mdogo huumia kuliko mtu mzima. Dawa yake ni kuacha mapema.

Mambo mawili madogo kabla sijaendelea. Majivu haya hukaa na moto ndani yake kwa muda mrefu, kwa hiyo usiyatoe jioni ukayamimina kando ya ghala la nyasi. Yaache mpaka kesho yake, yanyunyizie maji, ndipo uyazoe. Na hilo jiko lenyewe, Juni na Julai baridi ya Sumbawanga inapouma, asiwepo mtu wa kuliingiza chumbani na kufunga dirisha. Moshi wake una hewa isiyoonekana wala kunuka ambayo huua watu usingizini. Mkaa wa miti nao ni hivyo hivyo.

Sasa mtaniuliza, kama ni hatari hivi, mbona kichwa cha mazungumzo kinasema ni mali? Ni mali kwelikweli, na huko duniani watu wanayanunua.

Katika mitambo mikubwa ya umeme makaa ya mawe husagwa yakawa unga kama wa sembe, kisha hupulizwa ndani ya tanuru. Yanawaka hewani. Majivu mazito huanguka chini, lakini sehemu kubwa, pengine nne katika tano, hupanda na moshi kwa wepesi wake. Zamani yalitoka kwenye bomba na kuangukia nyumba za watu. Siku hizi mitambo yenye chaji ya umeme huyanasa kabla hayajatoka, jinsi kitana kilichosuguliwa kwenye nywele kinavyonasa vipande vya karatasi. Majivu hayo mepesi ukiyatazama kwa darubini ni vidonge vya kioo, mviringo kabisa, vidogo kuliko unene wa unywele. Vingine vina uwazi ndani na huelea majini. Hivyo vya kuelea viwanda vya rangi na plastiki huvitafuta sana, kwa kuwa hufanya kitu kiwe chepesi bila kukipunguzia nguvu.

Lakini mteja mkubwa ni saruji. Saruji ikikutana na maji hugeuka gundi, na katika kugeuka huko hutoa chokaa ya ziada ambayo haina kazi. Majivu mepesi yakiwemo, ile silika yake huikamata chokaa na kufanya gundi nyingine juu ya ile ya kwanza. Kazi hii huenda polepole. Zege lenye majivu huchelewa kukomaa siku za mwanzo, linataka kumwagiliwa maji kwa muda mrefu zaidi, lakini huendelea kupata nguvu miezi na miezi, na halipitishi maji kirahisi. Wamarekani walipojenga bwawa la Hungry Horse katika jimbo la Montana, kati ya mwaka 1948 na 1953, walitia majivu ya namna hii zaidi ya tani 100,000 katika zege lake. Bwawa limesimama mpaka leo.

Na si jambo geni. Warumi wa kale walichanganya chokaa na majivu ya volkano kutoka Pozzuoli huko Italia, ndipo likatoka jina la pozolana. Jengo lao la Pantheon pale Roma lina paa la zege lenye umri wa karibu miaka 1,900. Sisi nasi majivu ya volkano tunayo, jirani tu, kuizunguka milima ya Rungwe.

Hapa nataka mtumie kisomo chenu. Mfuko wa saruji ukiletwa, usiangalie picha tu. Soma maandishi. Mengi ya mifuko yana neno CEM, kisha namba ya Kirumi, kisha herufi. CEM I ni saruji karibu tupu. CEM II imechanganywa na kitu kingine, na herufi zinasema ni kitu gani na kiasi gani. Herufi A ni mchanganyiko mdogo, sehemu 6 mpaka 20 katika 100. B ni mkubwa, sehemu 21 mpaka 35. Halafu P ni pozolana ya asili, L ni mawe ya chokaa, V ni haya majivu mepesi ya makaa ya mawe tunayozungumza, na S ni mavi ya chuma kutoka viwanda vya kuyeyushia chuma. Namba 32.5 au 42.5 ni nguvu yake baada ya siku 28. Fundi akikwambia saruji zote ni sawa, mwonyeshe mfuko asome.

Nimetaja mavi ya chuma, na nimeona wazee wametabasamu. Ndiyo, yale yale. Mababu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru ya udongo marefu kupita mtu, na mavi ya chuma bado yametapakaa yalipokuwa malungu hayo. Sisemi yale ya mababu yanafaa kwa saruji; ya kiwandani hupozwa kwa ghafla na maji, na yana mchanganyiko tofauti. Lakini taka ya mhunzi kuwa chakula cha kiwanda kingine, hilo mzee wa Kifipa haliwezi kumshangaza.

Kuna jambo jingine zuri. Kiwanda cha saruji kikichoma makaa ya mawe katika tanuru lake, majivu hayabaki nje. Yanaungana na yale mawe yanayopikwa na kuwa saruji yenyewe. Makaa ya Kiwira yamechomwa hivyo miaka mingi katika kiwanda cha saruji cha Songwe, Mbeya. Kwa hiyo inawezekana nyumba za bati hapa mjini zina chembe za makaa ya Kiwira ndani ya kuta zake, na wenye nyumba hawajui.

Barabarani pia majivu hutumika, yakichanganywa na chokaa kuimarisha tabaka la chini. Na huko India, ambako makaa yao yana majivu mengi sana, Serikali ilitoa amri mwaka 1999 kwamba wenye kufyatua matofali ndani ya kilomita 50 kutoka mtambo wa umeme wa makaa ya mawe watie majivu angalau sehemu 25 katika 100. Amri hiyo ilikuwa na akili mbili: taka ipungue, na udongo wa juu wa mashamba usichimbwe wote kwenda kuwa matofali. Sisi Wafipa tunaolima kwa kufukia majani katika ntumba ili kutunza rutuba tunaelewa uchungu wa udongo wa juu kuondoka.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye debe letu. Majivu ya jiko la shule si yale mepesi ya mtambo wa umeme. Ni mazito, hayalingani ukubwa, na yana chenga za makaa ambayo hayakuungua. Kwa hiyo nawaomba sana, fundi asije akayatia katika zege la lenta, la nguzo au la msingi akisema Wamarekani walifanya. Wao walitumia mengine, yaliyopimwa maabara. Haya yetu yanafaa tofali la kuchoma, na hapo yanafaa vizuri, kwa sababu zile chenga zinawaka ndani ya tofali lenyewe tanuru likiwashwa, na kuni zinapungua. Udongo wa mfinyanzi ukiungua huyafunga majivu, na hilo ni salama kuliko rundo linalopigwa na mvua.

Vikundi vyenye tanuru vifanye majaribio, visijitupe tu. Pepeta majivu kwa chekecheke, yalowanishe kwanza, na funga kitambaa mdomoni na puani maana vumbi lake lina silika na mapafu hayaipendi. Fyatua matofali 20 ya udongo mtupu. Fyatua 20 ya ndoo 1 ya majivu kwa ndoo 9 za udongo. Fyatua mengine 20 ya ndoo 2 kwa ndoo 8. Yaandike alama kwa kijiti yangali mabichi, usije ukayachanganya. Yachome pamoja, tanuru moja, moto mmoja.

Yakipoa, chukua mawili uyagonganishe. Lililoiva hulia kama chuma. Lisiloiva hutoa sauti ya mtungi uliopasuka. Liangushe moja kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu. Likivunjika vipande vipande halifai. Kisha pima kwa maji. Lipime likiwa kavu, lizamishe majini saa 24, lifute, lipime tena. Tuseme likiwa kavu lilikuwa kilo 3, na baada ya maji ni kilo 3 na nusu. Limekunywa nusu kilo. Gawa nusu kwa 3, zidisha kwa 100. Unapata karibu 17. Maana yake katika kila 100 limekunywa 17. Tofali zuri la kuchoma lisizidi 20. Likizidi, mvua za Ufipa zitalila ukutani. Mizani ya duka la mahindi inatosha kazi hii, na wenye hesabu ni nyinyi. Anayetaka mashine ya mkono ya kufyatulia au ushauri zaidi aende SIDO, wapo Sumbawanga mjini.

Ndugu zetu wa bondeni wasinung'unike kwamba tumewasahau. Nyinyi mna maganda ya mpunga, yale wengi tunayaita pumba, yanayorundikwa mashineni Muze, Ilemba na Mtowisa mpaka yanachomwa ovyo. Katika kilo 100 za mpunga maganda ni kama kilo 20, na yakichomwa yanabaki majivu kama kilo 4. Majivu hayo karibu yote ni silika. Yakichomwa kwa moto wa wastani, usiozidi nyuzi 700, kisha yakasagwa laini, hufanya kazi ya pozolana. Hayatoki chini ya mwamba, kwa hiyo hofu ya zile sumu ni ndogo. Mimi kwa maoni yangu, kama kuna majivu ya kuanzisha kiwanda kidogo Rukwa, ni hayo ya mpunga kabla ya haya ya makaa. Vumbi lake tu ndilo la kuogopa.

Nimalizie na jambo kubwa kuliko jiko la shule. Habari za kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe mkoani Rukwa zimewahi kusikika, na zinaweza kusikika tena. Umeme tunautaka. Lakini mtambo kama huo hauzalishi tani 2 za majivu kwa mwaka. Huzalisha maelfu kwa maelfu. Huko Kingston, jimbo la Tennessee nchini Marekani, mtambo mmoja uliweka majivu yake katika bwawa la maji kwa miaka mingi. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2008 ukingo ulipasuka. Tope la majivu likafunika zaidi ya ekari 300, likaingia mtoni na kusukuma nyumba. Waliopelekwa kusafisha, wengi wao waliugua baadaye na kufungua kesi. Hiyo ni nchi tajiri, yenye mainjinia.

Jirani zetu wa Kenya walitaka kujenga mtambo wa makaa ya mawe Lamu. Watu wa Lamu, wavuvi na wengineo, wakauliza kuhusu moshi, kuhusu bahari, kuhusu majivu yatakayorundikwa karibu na pwani. Walikwenda mpaka kwenye Baraza la Taifa la Mazingira la kusikiliza rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 baraza hilo likafuta leseni ya mazingira ya mtambo, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Hapa kwetu ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mradi mkubwa wa namna hii lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wanaohusika lazima wasikilizwe. Kwa hiyo wageni wakija kijijini na magari na ramani, mkutano mkuu wa kijiji ukaitishwa, muwe na maswali tayari. Makaa haya yana majivu sehemu ngapi katika 100? Yatawekwa wapi, makavu au kwenye maji? Chini ya hapo mahali patatandikwa nini ili maji yasipenye? Kisima cha karibu kiko umbali gani, na nani atayapima maji yake, kila baada ya muda gani, na majibu yatabandikwa wapi tuyasome? Ni kiwanda gani kimekubali kuyanunua, na barua yake iko wapi? Hilo la mwisho msiliache. Kusema "majivu yatatumika kwa saruji" ni rahisi. Saruji iko Songwe, majivu yangekuwa huku, na usafirishaji wa kitu kizito chenye bei ndogo unaweza kula faida yote njiani. Kama hakuna barua ya mnunuzi, hesabuni kwamba majivu yatabaki kwenu.

Na mkutano ukiisha, katibu atasoma muhtasari. Kabla hamjaweka sahihi, mmoja wenu aombe daftari, asome mwenyewe kwa sauti, mstari kwa mstari, aone kama maswali yenu yameandikwa jinsi mlivyoyauliza na majibu jinsi yalivyotolewa. Likikosekana moja, liandikwe pale pale, ndipo kalamu ipite.